Aliyeshika Koti kwa Nyuma

6 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule ukuta wa bafuni kwako umeacha kutoa maji. Najua simu huzipendi, unasema watu wanazungumza kama wako ndani ya debe, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi lina mamlaka kuliko mimi. Likikataa ngazi, hatupandi. Kijana wangu amehamishia duka la miavuli upande wa pili wa barabara, kwenye chumba chenye kioo kikubwa mbele, na sasa anauza miavuli mipya zaidi kuliko anavyotengeneza mibovu. Baba yake angenuna. Mwaka umeshatimia tangu tumzike, na bado nikisikia mtu anakung'uta mwavuli mlangoni nageuka.

Habari kubwa ni kwamba Kiherehere anaolewa, mwezi wa nane. Ndiyo, mjukuu wetu yule yule aliyekuwa akifungua vyungu vya watu. Anaolewa na fundi wa lifti, kijana mpole ambaye hajajua bado anaingia wapi. Wiki iliyopita alikuja kunisaidia kupanga kabati, na kwa jina lake hilo unajua mwenyewe, akainua mashuka yote mpaka akaikuta ile picha ya studio. Wewe hukuwahi kuiona. Ilichapwa moja tu, ikatumwa kwao mume wangu, na iliporudi na mizigo ya marehemu shangazi yake wewe ulishahama zamani. Niliiweka chini ya mashuka, ikakaa huko.

Sasa Kiherehere anataka ikuzwe iwe kubwa kama mlango, na siku ya harusi asimame asome jinsi bibi na babu yake walivyokutana. Unaijua hadithi, lakini naiandika hapa ili tusipishane. Bibi yake mume wangu, kule kwao ng'ambo, alitishia kumtumia mchumba kwa meli. Yeye akaandika haraka haraka kwamba huku ameshapata wake. Bibi naye si mjinga, akataka picha. Jumamosi aliyokwenda studio kuitafuta, sisi nyumba nzima tulikuwa hapo, tumevaa vya kuazima kama watu wote wa kuja, ili tuwatumie ndugu zetu picha waone tunaishi vizuri. Mpiga picha akamwonea kijana huruma, akaniomba mimi nisimame naye. Na tangu niliposimama, yule kijana hakuniondolea macho, mpaka mpiga picha akamgombeza atazame kamera. Kule kwao walipoipata picha wakatuma kitambaa cha hariri, zawadi ya bibi harusi. Yeye, kwa uaminifu wake, hakuweza kukaa na kitu kilichotumwa kwa mtu mwingine. Akakileta nyumbani kwetu. Baba hakuelewa neno hata moja la lugha yake, akaona kijana, akaona hariri, akamwambia kaa. Basi.

Nakuomba na wewe uandike kwa upande wako, ukurasa mmoja tu, Kiherehere ausome. Mashahidi wengine wote wameshatangulia. Andika vizuri, usije ukaniharibia. Na uje. Chumba cha nyuma kina kitanda kizuri.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Ukuta bado unatoa maji, nimeuwekea ndoo, tumezoeana. Pole kwa goti. Hapa kwangu hakuna jipya. Mpangaji wa juu ameanza kujifunza tarumbeta, na mimi nimeanza kufikiria kuwa kiziwi kuna raha yake. Mpe Kiherehere hongera. Umeandika "mjukuu wetu", nashukuru kwa kunigawia.

Nimesoma hadithi yako mara mbili. Nzuri sana, imepigwa pasi kabisa. Ila nimejitafuta humo kuanzia juu mpaka chini sijajiona. Mpiga picha yumo. Bibi wa ng'ambo yumo. Hata meli imo.

Kwa kuwa umeomba upande wangu, huu hapa. Studio ile ilikuwa na koti moja la kike, lile la manyoya shingoni, na nusu ya wanawake wa mtaa wetu walionekana makwao, kwenye picha, wakiwa ndani yake. Nadhani kuna nchi ambako watu waliamini kwamba huku wanawake wote tunashonewa na fundi mmoja. Siku ile koti lilikuwa mwilini mwangu. Lilinikaa. Nilikuwa nalivaa polepole ili nisilivue mapema. Mpiga picha alipomleta yule kijana wa miavuli alinyoosha kidole kwangu, si kwako. Alisema, "Huyu dada anafaa." Mama ndiye aliyekataa. Eti mimi nimeshachumbiwa na mwoka mikate na maneno yatazuka. "Mchukueni huyu mdogo," akasema, "huyu bado hana wa kumwonea wivu."

Wakanivua koti mbele ya watu wakakuvika wewe. Lilikumeza. Mikono ilikufika karibu na magoti, na kiuno hakikuonekana kiko wapi. Pini hazikuwepo. Nikaambiwa nichuchumae nyuma yako nilikusanye koti kwa mkono, nilikaze, likukae. Nikalikaza. Yule mpiga picha alikuwa mtu wa kuhangaika na taa, akatuweka pale mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Wewe ukapata mume, mimi nikapata ganzi. Na mwoka mikate akaoa binti wa jirani yake kabla mwaka haujageuka.

Ukitaka ukurasa wangu, huo ndio ukurasa. Kuhusu kuja, nitaangalia.

Dada yako

24 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena. Barua yako imefika jana na leo najibu, uone kwamba mimi si mtu wa kununa. Goti liko vile vile. Fundi wa lifti ameleta wazazi wake, watu wastaarabu, mama yake anacheka mpaka anashika ukuta. Nimempenda.

Sikukuacha kwenye hadithi kwa ubaya. Hadithi ikijaa watu, wasikilizaji wanaanza kuangalia chakula. Na koti ni kweli lilikuwa kubwa, sijakataa, ila mikono kunifika magotini umetia chumvi. Kuhusu mwoka mikate usijitie simanzi mbele yangu. Nakumbuka ulimlilia asubuhi moja, na jioni ukala mkate wa mshindani wake ukausifia.

Nataka kukuuliza jambo dogo. Ulipokuwa umechuchumaa kule nyuma, ulikuwa unafanya nini? Namaanisha, ulisema kitu? Ulicheka? Ulikuwa na ile tabia yako ya kuchekesha watu mahali pasipotakiwa kicheko, kama siku ya mazishi ya mwenye nyumba. Sina sababu ya kuuliza. Kiherehere ndiye anataka kujua kila kitu. Ameona pia kitu kama doa kiunoni pangu kwenye picha, nikamwambia ni unyevu wa kabati.

Andika mapema. Hujaniambia kama unakuja.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kukaa kimya. Sikuugua. Nilikuwa naandika na kuchana, na karatasi zenyewe siku hizi ni ghali. Mpangaji wa juu amejua wimbo mmoja, anaupiga mpaka katikati, anaanza upya.

Kiherehere hataki kujua kama nilicheka. Mtoto wa mwisho kuzaliwa katika ukoo atanijulia wapi kicheko changu? Wewe ndiye unayetaka kujua, na hutaki kusema kwa nini. Haya, endelea kuficha. Mimi nimechoka kuficha, kwa hiyo nitakuambia cha kwangu.

Miaka yote mnasema nilifuata kazi huku. Kazi ya kushona mashuka ya hospitali iko kila mji, hata huo wenu. Niliondoka kwa wivu. Baada ya siku ile ya studio, kila jioni ulikuwa unakaa juu ya meza ya jikoni, unaninginiza miguu, unasimulia. Hakuniondolea macho, hakuniondolea macho. Shangazi akija, hakuniondolea macho. Mwanamke wa maziwa akija, naye anaambiwa. Mimi namenya viazi. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu nikatamani abaki chumbani, isipokuwa yule kijana alipoingia studio na mkoba wake wa njiti za miavuli, akawaomba radhi watu wa foleni kwa lugha ya kuokoteza, mmoja mmoja. Nilimwona kabla yako. Nilikuwa ndani ya koti nilipomwona.

Kiuno alichokitazama, mdogo wangu, nilikitengeneza mimi kwa vidole vyangu. Hilo ndilo lililonishinda kumeza. Nilipoona hariri imefika na baba anapanga harusi, nikatafuta mji wa mbali.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, unajua. Alilinda ghala miaka yake yote na hakuwahi kunipandishia sauti. Lakini hakuna siku mtu aligombezwa kwa sababu ya kunitazama mimi. Kwa hiyo usiniombe nije nisimame chini ya picha kubwa kama mlango, nitabasamu, niwasikilize watu wakisema, ona anavyomtazama mkewe. Sitakuja. Waambie goti, na mimi ninalo.

Dada yako

17 Juni

Dada,

Salamu nimeziruka, utanisamehe.

Hakunitazama mimi.

Nilidhani hivyo. Kijana anagombezwa kila mara atazame kamera, na mimi ndiye niliyesimama kando yake, ningedhani nini? Nilikuwa na miaka kumi na minane na koti la manyoya. Kwa miaka mingi niliamini na kusimulia, na yeye alikuwa ananiacha nisimulie. Kisha sanduku la marehemu shangazi yake likaja na picha ndani. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu tumboni. Watu wakaizunguka meza, kila mmoja anasema hayo hayo, ona anavyomtazama. Nami nikaona wanachokosea. Mimi nimetazama kamera, kidevu juu, kama mke wa waziri. Yeye kichwa kimeinama, anatabasamu, na macho yanapita nyuma ya bega langu yanakwenda chini.

Walipotoka nikachukua rula ya shule ya mtoto. Nikaiweka kwenye jicho lake nione inafika wapi. Haikufika kwangu, dada. Niliigeuza kila namna. Inapita mgongoni pangu na kushuka pale ulipokuwa wewe.

Siku hiyo hiyo picha ikaenda chini ya mashuka. Nilimwuliza mara moja tu, "Ulikuwa unatazama nini?" Akasema ni zamani, amesahau, akatoka kwenda kukaza njiti za mwavuli, zile zile nilizomwona akizikaza asubuhi. Sikuuliza tena. Ulipokuja kumzika mama nilikuketisha ncha ya pili ya meza, mbali naye, kama hukugundua. Ukimtumia salamu katika barua, nilikuwa namwambia, "Dada anawasalimu wote." Na yeye alipokufa na wewe ukashindwa kusafiri, nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Wewe unanionea wivu kwa macho ambayo hayakuwa yangu. Mimi nimekuonea wewe muda wote huo, uko mbali huko na ndoo yako ya bafuni, na sasa yeye yuko kaburini na bado naona wivu. Hasira zenyewe sijui nizipeleke wapi, mmoja kafa na mwingine hapokei simu. Kiherehere anaitaka ile picha na mimi namtafutia visingizio.

Basi niambie. Hajabaki mwingine wa kuniambia. Ulimfanyia nini kule nyuma?

Mdogo wako

9 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaingia nikaketi, nikaisoma tena. Kisha nikatoka nikanunua machungwa mengi ambayo sikuyahitaji, nikampelekea yule wa tarumbeta. Alishtuka. Nadhani alifikiri nimekuja kumfokea.

Sikumfanyia kitu. Hata sura yake sikuiona. Uso wangu wote ulikuwa ndani ya manyoya yaliyonuka dawa ya nondo, na nilikuwa nimefumba macho kwa uchungu wa mkono. Nilipofumbua niliona viatu vyake tu. Vilikuwa vya studio na vyenyewe, vilimpwaya, gazeti lilichungulia kisiginoni. Nilikaza koti, basi. Kama alitazama kule chini, sikujua mpaka uliponiandikia.

Ila kuna jambo moja nililokaa nalo, na sasa itabidi ulisome. Siku alipoleta hariri, mimi ndiye niliyefungua mlango. Alisimama na furushi kifuani. Kabla ya salamu, kabla ya kitu chochote, aliniuliza, "Mkono umepona?" Nikamwambia umepona. Akalitazama furushi, akaniambia kwa shida, maneno yakimponyoka, kwamba limetumwa kwa msichana aliye kwenye picha. Tukabaki pale mlangoni, yeye hatoi furushi, mimi sipokei. Msichana aliye kwenye picha alikuwa jikoni juu ya meza, anasimulia, sauti yako ilikuwa inafika pale mlangoni. Nikamwambia, "Ngoja nikuitie."

Nilijua ni adabu tu ya kijana aliyelelewa vizuri. Ningejuaje vingine, wakati kila jioni naambiwa macho yake yalikuwa wapi?

Sijui nikupige au nikushukuru. Umekaa na rula yako huko ukinichukia, na kumbe ulichokuwa unakificha chini ya mashuka ni changu. Hakinifai kwa lolote sasa. Sina meno ya kukitafunia. Lakini tangu barua ifike natembea barabarani kama mtu aliyevaa nguo mpya ndani, na hakuna anayejua.

Nitumie hiyo picha. Niitazame wiki moja tu, nitairudisha kwa mkono wa posta wenye sahihi na kila kitu. Ni hilo tu nakuomba.

Dada yako

21 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Goti limekubali ngazi jana kwa sababu nilikuwa na hasira, hasira naona ni dawa. Mama mkwe mtarajiwa wa Kiherehere ameniletea sufuria kubwa kwa ajili ya shughuli na bado anacheka.

Habari za mlangoni nimezisoma. Nililia, sikudanganyi, na si kwa huzuni. Kisha nikateremsha mapazia yote ya nyumba nikayafua, hata ya chumba cha nyuma ambayo yalikuwa masafi. Nikiwa nayakamua nikajiuliza, ningekuwa mimi niliyefungua mlango, angesema nini? Angenisalimu. Angenipa furushi akaaga.

Haya, sasa tunajua wote wawili. Alikutazama wewe. Halafu akaishi na mimi. Wewe alikutazama muda wa picha moja, mimi nilimfulia soksi, nikamkata kucha alipokuwa hawezi kuinama, nikagombana naye juu ya kila dirisha la nyumba hii, lifungwe au liwe wazi. Alipougua alikuwa ananiita hata nikiwa nimekaa pale pale kitandani. Nilikuwa namjibu, "Niko hapa," naye anasema, "Najua," kisha ananiita tena. Ukitaka tubadilishane, mimi sibadilishi. Wewe ungebadilisha, najua, umekaa huko na hiyo nguo yako mpya ya ndani. Kwa hiyo mimi bado nina wivu na wewe bado unao, na tukionana utakula nasi mezani. Ila safari hii sitakuketisha mbali.

Jana nilikwenda na Kiherehere kwa mtu wa kukuza picha. Ni mwanamke wa makamo, ana miwani shingoni na nyingine usoni. Aliitia kwenye mashine yake, akaivuta, akaivuta, pale kiunoni pangu kwenye doa. Vikatokea vidole. Vinne, vimekunja kitambaa, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Yule mwanamke akasema, "Mama, hivi nitavifuta, havitaonekana kama viliwahi kuwepo. Vinaharibu koti."

Nilishafungua mdomo kusema vifute. Nakuambia ili ujue unakuja kwa nani. Vilikuwa vidogo kwenye kioo kile kikubwa cha mashine na nilitaka viondoke. Kiherehere akaniuliza, "Bibi, ni vidole vya nani?" Nikamwambia ni vya dada yangu. Nikamwambia koti halikuwa langu, na kwamba bila vidole hivyo lingenianguka mbele ya watu, na babu yake angeletewa mchumba wa kwenye meli. Akataka kujua kwa nini sijawahi kulisimulia hilo. Nikamgeukia yule mwanamke wa picha, nikamwambia aviache.

Kiherehere ataisoma hadithi hivyo siku ya harusi, na wewe ukiwa humo. Ya mlangoni sikumwambia. Hayo ni yetu.

Ila picha sitakutumia. Haitoki nyumbani kwangu wiki moja, wala siku moja, wala kwako. Ukitaka kuona alikuwa anatazama wapi, panda basi uje. Kitanda cha chumba cha nyuma nimeshakitandika. Rula nimekuwekea kwenye droo.

Mdogo wako